Maximianon, Kituo Kilichorudishiwa Jina na Jalala

Ukitoka Luxor kuelekea kaskazini, Qift haiko mbali. Ni mji wa wakulima: miwa imejaa hadi ukingoni mwa Nili, punda wamebebeshwa majani mabichi, bajaji zinagombania njia na malori. Hakuna kinachomwambia mgeni kwamba huu ndio mji ambao Wagiriki na Warumi waliuita Koptos, na kwamba miaka karibu elfu mbili iliyopita bidhaa za Bahari ya Hindi zilishushwa hapa kutoka migongoni mwa ngamia, zikapakiwa mashuani na kuteremka na mto hadi Aleksandria.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa, na nilikwenda Qift kwa sababu ya Rhapta. Waliosoma historia sekondari kwetu wamelisikia jina hilo: bandari ya mwisho ya Azania, iliyotajwa katika Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katikati ya karne ya 1. Tulikariri kwamba meli zilikuja kuchukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, zikaleta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Somo lilisema meli zilitoka Misri, kisha likasonga mbele. Hapo ndipo pana shimo ambalo kwa muda mrefu nilitaka kulifukia. Nili haimwagi maji yake katika Bahari ya Shamu. Kati ya mto na bandari pana jangwa la milima mikavu. Strabo, mwanajiografia aliyeizuru Misri ya juu mnamo mwaka 25 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kutoka Koptos hadi bandari ya Myos Hormos ni mwendo wa siku sita au saba. Kwenda Berenike, bandari ya kusini zaidi, mwandishi wa Kirumi Plinius alihesabu maili za Kirumi 257 na siku 12, na akaeleza kwamba sehemu kubwa ya safari hufanywa usiku kwa sababu ya joto. Gamba la kasa kutoka pwani yetu halikuweza kufika Roma bila kuvuka mchanga huo, na mchanga huo hauvukiki bila maji. Nilitaka kuona maji hayo yalipatikanaje, na nani aliyalinda.

Dereva niliyempata alikuwa mzee wa Qift ambaye babu yake na baba yake walikuwa wachimbaji. Hilo si jambo la ajabu mjini hapo. Tangu mwanaakiolojia Flinders Petrie alipochimba Qift katika msimu wa 1893 na 1894, wanaume wa mji huu wamekuwa mafundi wa uchimbaji wa kale kote Misri, na ujuzi wao hurithishwa kama ushoni au useremala. Nilimwita hajj, naye akaniita ustadh. Tulizungumza Kiarabu, changu cha madrasa na chake cha Misri ya juu, tukasikilizana.

Kabla hatujaondoka nilimwomba anipeleke palipokuwa na mji wa kale. Ni uwanja wa vifusi katikati ya nyumba, lakini ni kutoka Qift ndipo Petrie alipopata jiwe ambalo kila mtu wa biashara angelielewa hata leo. Ni orodha ya ushuru ya mwaka 90, enzi ya Kaisari Domitianus, ikitaja kila anayetoka na kuingia kwa njia ya jangwani alipe nini. Baharia alilipa drakma 5. Hati ya ngamia ilikuwa obol 1, na obol 6 ndiyo drakma moja. Mke wa askari alilipiwa drakma 20. Mwanamke aliyekwenda kufanya umalaya alitozwa drakma 108. Hata msafara wa mazishi, kwenda na kurudi, ulikuwa na bei yake: drakma 1 na obol 4.

Kilichonishika zaidi ni mlingoti. Mlingoti wa meli ulitozwa drakma 20, na foromali nayo ilikuwa na kiwango chake. Nimekua karibu na mafundi wa majahazi, najua mti wa mlingoti unavyotafutwa, unavyokatwa na kuburutwa kutoka msituni hadi mchangani. Hapa hapakuwa na msitu. Mti ulifikishwa Koptos kwa mto, ukatolewa ushuru, kisha ukavutwa siku sita au saba kati ya majabali ili meli iliyokuwa ikisubiri upande wa pili ipate kutweka tanga. Kumbe katika njia hii hazikupita bidhaa peke yake, hata meli zenyewe zilivuka jangwa vipande vipande.

Barabara ya lami ya leo, inayokwenda hadi mji wa Quseir, inafuata karibu njia ileile ya kale. Kijani kinakatika ghafla. Upande mmoja wa mfereji ni miwa, upande wa pili ni changarawe, na baada ya hapo huoni shamba tena hadi Laqeita, kijiji chenye visima na mitende ambacho Warumi walikiita Phoinikon. Kwenye kizuizi cha polisi kijana mmoja alichukua pasipoti yangu, akaisoma kwa makini, akamuuliza hajj ninatafuta nini. Hajj akajibu, "Maji ya Warumi." Kijana akanirudishia pasipoti.

Baada ya Laqeita milima inaanza kukaribiana. Juu ya vilele vyake, ukijua pa kutazama, unaona minara midogo ya mawe yaliyopangwa bila chokaa. Iko zaidi ya 60 kwenye njia hii, na imewekwa ili mlinzi wa mnara mmoja amwone mwenzake wa mnara unaofuata. Tukapita Bir Hammamat, penye kisima kikubwa kilichojengewa kwa mawe, kisha tukaingia Wadi Hammamat penyewe, korongo la mwamba mweusi unaoelekea ukijani. Watu wa Farao walichonga mawe hapa karne nyingi kabla ya Roma na kuacha majina yao ukutani. Ni mahali panapostahili makala yake. Sikukaa sana, kwani jua lilikuwa linapanda na nilichokifuata kilikuwa mbele, ng'ambo ya machimbo ya dhahabu ya Bir Umm Fawakhir.

Waarabu wa jangwani wanapaita al-Zarqa. Unaweza kupapita kwa gari bila kugeuza shingo, kwa kuwa rangi ya ngome na rangi ya mlima ni moja. Hajj alipunguza mwendo, akaiacha lami, akaegesha. Mbele yetu palikuwa na boma la mraba, ukuta wa mawe ya hapohapo yaliyookotwa na kupangwa, mnara wa mviringo kila pembe, na lango moja.

Niliingia kwa kupitia langoni, kwa kuwa nilitaka kuingia kama walivyoingia wao. Ndani, vyumba vimeegemezwa kwenye ukuta pande zote, vidogo, vya kulala watu wachache waliobanana. Katikati hakuna ua. Kuna shimo kubwa, pana kama bonde dogo, lililojaa mchanga na mawe yaliyoporomoka. Ndicho kisima. Ngome yote imejengwa kukizunguka, na ukisimama ukingoni mwake unaelewa mara moja nia ya mjenzi: kinacholindwa hapa ni maji, watu wamewekwa kwa ajili yake. Kando yake yalikuwapo mabirika ya kuhifadhi maji yaliyotekwa, ili msafara unapofika usiku na ngamia wake usingoje ndoo moja moja. Na kuna kitu kingine ambacho sikukitarajia mahali pakavu hivi: hamamu. Wanaakiolojia walikuta chumba cha kuogea cha Kirumi, chenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini. Nilipiga magoti kutazama tofali lake la kuchomwa, ukingo wake ukiwa bado umenyooka. Kwa askari aliyetumwa huku miezi kadhaa, akinywa maji ya chumvichumvi na kula ngano iliyoletwa kwa mgongo wa mnyama, hamamu ile ilikuwa kumbukumbu kwamba yeye bado ni mtu wa mjini.

Visima vya namna hii havikupatikana kwa bahati. Huko kusini, karibu na Berenike, kwenye kituo kiitwacho leo Siket, limepatikana jiwe la Kilatini la mwaka 76 au 77 linalosimulia mambo yalivyokwenda. Gavana wa Misri, Lucius Julius Ursus, alipokuwa akirudi kutoka Berenike aliamuru kitafutwe kisima mahali hapo, na kilipopatikana akaamuru ijengwe ngome na mabirika. Utaratibu ni huo: maji kwanza, kuta baadaye.

Lakini al-Zarqa haikuwa na jiwe la kuitambulisha. Strabo hakuitaja, Plinius hakuitaja, na mwandishi wa Periplus, ambaye yamkini alipita njia mojawapo ya hizi, aliruka jangwa lote na kuanza habari zake bandarini. Wasafiri wa baadaye waliziona ngome hizi wakapita. James Bruce, Mskoti aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nili, alipita njia ya Quseir mwaka 1769. Kuta zilikuwapo, kisima kilikuwapo, jina ndilo lililokuwa limepotea, na pamoja nalo habari yote ya waliokaa humo.

Jina lilirudi kutoka jalalani. Nje ya lango la kila kituo kuna kilima cha taka: majivu, mifupa, samadi, mitungi iliyovunjika. Katika miaka ya 1990 timu ya Kifaransa iliyoongozwa na Hélène Cuvigny ilikichimba kilima cha hapa kwa uangalifu ambao kwa kawaida watu huuweka kwa makaburi ya wafalme. Wakapata vigae vilivyoandikwa wino, mamia kwa mamia. Karatasi ya mafunjo ilikuwa ghali na ilitoka mbali. Kigae cha mtungi wa divai kilikuwa bure, kiko miguuni. Basi askari waliandikiana kwa vigae, wakasoma, wakavitupa, na ukavu wa jangwa ukavihifadhi. Kutokana na barua hizo, ambazo ndani yake pametajwa zinakotoka na zinakokwenda, ikajulikana kwamba kituo hiki ni Maximianon. Kituo kingine cha upande wa mto, al-Muwayh, kikajulikana kuwa Krokodilo. Na Persou, penye machimbo ya dhahabu na mawe tuliyoyapita, pakajulikana kuwa ndipo mboga zilipotoka.

Mboga ndiyo habari kubwa ya vigae hivi, na nimezipenda barua hizo kuliko maandishi yote ya majenerali wa Kirumi. Persou palikuwa na bustani. Askari wa Persou anamtumia mwenzake wa Maximianon mafungu ya mboga kwa mkono wa mpanda farasi au mwenye punda, na kumwomba amjulishe kama yamefika. Mwingine anauliza habari za afya, anasema anamwombea mwenzake kila siku mbele ya miungu ya mahali alipo. Wengi wa watu hawa hawakuwa Waroma wa Roma. Kigiriki chao kina makosa ya mtu aliyejifunza lugha kazini, na hicho ndicho kinachokifanya kisikike kama sauti ya mtu hasa. Walifuga nguruwe na kuku ndani ya jangwa, wakala samaki waliopandishwa kutoka baharini. Kikosi cha kituo kilikuwa kidogo, pengine watu kumi na watano, chini ya mkuu mmoja.

Vigae havifichi mengine. Wanawake walikodishwa kwa mwezi na kupelekwa kituo hadi kituo kwa ajili ya askari, na mfanyabiashara mmoja, Philokles, anaonekana katika barua akishughulika na mboga huku akishughulika pia na wanawake hao. Nikiwa nimesimama katika kimojawapo cha vyumba vile, nilikumbuka drakma 108 za getini Koptos. Ni huku zilikoelekea. Mwanamke aliyelipiwa ushuru uliozidi mara ishirini ule wa baharia aliletwa kwenye chumba kisicho na dirisha, mwendo wa siku kadhaa kutoka kwa mtu yeyote ambaye angeweza kumtetea. Biashara hii inaposifiwa kwa marashi na pilipili manga zake, naye ahesabiwe.

Na palikuwa na hofu. Krokodilo pamepatikana nakala, iliyoandikwa kwenye kipande kikubwa cha mtungi, ya taarifa iliyotumwa kituo hadi kituo mwaka 118. Askari wa kituo kiitwacho Patkoua anaripoti kwamba wavamizi 60 wa jangwani wamekishambulia, kwamba amepigana nao kuanzia saa ya kumi ya mchana hadi usiku, na kwamba walikizingira hadi alfajiri. Askari mmoja aliuawa. Mwanamke na watoto walichukuliwa. Taarifa haisemi kama walirudi. Ndani ya ngome hizi, basi, waliishi pia wake na watoto, na ukuta ule wa mawe ya kuokota haukuwa wa kujionyesha.

Ili kujua walichokuwa wakikilinda, tazama hati moja ya karne ya 2 iliyohifadhiwa Vienna, mkataba wa mkopo wa safari ya Muziris huko India. Upande wa nyuma umeorodheshwa shehena ya meli Hermapollon: nardo ya Ganges, pembe za ndovu, vitambaa. Thamani yake inakaribia drakma milioni 7, na serikali ilichukua robo nzima kama ushuru. Mkopaji anaahidi kukabidhi mali kwa mwenye ngamia mwaminifu, ivushwe jangwa chini ya ulinzi hadi ghala la serikali la Koptos. Mali ya milioni 7 ilipita langoni mwa watu wanaoandikiana kuhusu kabichi. Mimi siwezi tena kusoma habari za utajiri wa Roma bila kuwaona hao wanaoteka maji.

Hajj alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta akichemsha chai kwa jiko dogo la gesi. Aliniuliza kwa nini mtu wa Tanzania ahangaike na mawe haya. Nikamweleza habari za Rhapta, na kwamba Periplus inasema manahodha wa Kiarabu waliokwenda huko walizoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. Akacheka kwa furaha. "Basi wewe umekuja kwa wajomba," akasema, akanimiminia gilasi ya pili.

Maximianon haikutekwa kwa vita vikubwa. Ilikufa kwa kukosa wateja. Myos Hormos ilikuwa ikijaa mchanga, na katika karne ya 3 ikaachwa. Berenike iliendelea, hadi karne ya 6, lakini kwa njia zake nyingine. Msafara usipokuja, ngano ya askari haina sababu ya kuletwa. Askari wakiondoka, hakuna wa kuzoa mchanga kisimani. Na kisima cha jangwani kisipozolewa hujifukia chenyewe.

Jioni tulifika baharini. Quseir al-Qadim iko kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Quseir, matuta ya chini kandokando ya bonde tambarare la chumvi. Bonde hilo ndilo lililokuwa bandari. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Southampton, waliofanya kazi hapa kati ya 1999 na 2003, walikuta gati lililojengwa juu ya mitungi iliyokwisha kazi, imelazwa kwa safu ili kushika ardhi laini. Walipata pia maandishi yaliyothibitisha kwamba hapa ndipo Myos Hormos, pilipili manga, mbao za msaji zilizotoka katika meli, na vigae vyenye maandishi ya Kitamili. Strabo aliambiwa kwamba meli 120 zilikuwa zikiondoka bandari hii kwenda India.

Za kwenda Azania zilikuwa chache zaidi na safari yake ndefu zaidi. Meli iliondoka Julai ikishuka na upepo wa kaskazini wa Bahari ya Shamu, kisha ikatawaliwa na misimu ileile ambayo wazee wetu wa pwani wameitumia daima. Lionel Casson, aliyeitafsiri upya Periplus mwaka 1989, alipiga hesabu kwamba kwenda Rhapta na kurudi kulikula karibu miaka miwili, kwa sababu ya kungoja pepo. Nilimweleza hajj hayo, nikamwambia pia kwamba kwetu Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza mwaka 1999 kupatikana kwa shanga za Kirumi katika delta ya Rufiji.

Alitaka kujua udongo wa Rufiji ukoje. Nikamwambia ni matope, mto hufurika na kuhamisha kingo zake, na mikoko inafunika kila kitu. Akafikiri, kama fundi anayeulizwa bei ya kazi asiyoiona. Akasema matope si mabaya, huhifadhi mbao kuliko mchanga. Wachimbe wakati wa kiangazi, akasema, na wasianzie palipo na kuta. Kwanza watafute jalala.